Ya Kale Dhahabu? Tuzipime Lenzi Pana za Mtindo wa Zamani

Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, kingawa kidonda. Katika uwanja wa upigaji picha, hata hivyo, msemo huo umepinduliwa. Viwanda vyenye uwezo wa kuunda lenzi iliyokaribia kutokuwa na ila vimerudi nyuma kwa hiari yao, vikaanza kutengeneza lenzi mpya kwa michoro ya zamani. Mwaka 2008 kampuni ya Cosina ya Japani ilitoa lenzi iitwayo Nokton Classic, yaani ya mtindo wa kale, na jina hilo haikuliona haya. Mwaka 2016 Leica ya Ujerumani iliifufua Summaron yake ya mwaka 1955. Mwaka 2022 ikaifufua Summilux ya mwaka 1961. Mafundi wa Uchina nao, mwanzoni mwa miaka ya 2020, wakaleta nakala ya lenzi maarufu ya Leitz ya mwaka 1958, wakiviiga vipande vyake vyote vinane vya kioo.

Msomaji ana haki ya kuuliza: je, hii ni hekima au ni biashara ya kuwauzia watu kasoro kwa bei ya dhahabu? Swali si la mchezo. Vijana wetu wengi wa Mombasa, Malindi na Lamu wamerudia kamera za filamu, na wengine wamejinyima kwa miezi mingi ili wapate lenzi moja tu. Akiikosea lenzi hiyo, kijana hatapoteza fedha peke yake. Picha ya bibi harusi haipigwi mara ya pili, na mzee akishafariki haitwi arudi akae barazani. Kwa hivyo ni vyema tuzipime lenzi hizi kwa mizani ya haki, tuone ipi ina nini na ipi imekosa nini.

KAMERA YA VIDIRISHA VIWILI

Kwanza tuelewane kuhusu kamera zenyewe. Kamera za kipimamasafa, ambazo mafundi huziita renjifainda, ni zile ambazo mpigapicha hatazami kupitia lenzi. Hutazama kupitia kidirisha kilicho juu yake. Kando ya hapo kipo kidirisha cha pili, ambacho taswira yake huletwa ndani na kuwekwa juu ya ile ya kwanza. Umbali ukiwa haujapatikana, mtu mmoja huonekana wawili. Mpigapicha huizungusha lenzi polepole, na taswira hizo mbili husogeleana mpaka zikawa moja. Zikishaungana, umbali umepatikana, na hapo ndipo abonyezapo.

Aliyeianzisha safari hii ni Oskar Barnack, fundi wa kampuni ya Ernst Leitz katika mji wa Wetzlar. Yapata mwaka 1913 na 1914 aliunda kamera ndogo ya majaribio iliyotumia filamu ya sinema yenye upana wa milimita 35, na picha moja akaipa ukubwa wa milimita 24 kwa 36. Leica ya kwanza iliingia sokoni mwaka 1925. Ile yenye kipimamasafa kilichounganishwa na lenzi ilifuata mwaka 1932, mwaka ule ule ambao mahasimu wao wa Zeiss Ikon walitoa kamera ya Contax. Kisha mwaka 1954 ikazaliwa Leica M3, ambayo lenzi yake hufungwa kwa kuizungusha kidogo tu badala ya kuikaza kama skrubu. Mfungo huo ungali unatumika mpaka leo. Ndiyo sababu lenzi ya mwaka 1961 huingia vizuri katika kamera ya dijitali ya mwaka 2022, ijapokuwa zimepishana kwa miaka zaidi ya 60.

Kamera za aina hii hazina kile kioo cha ndani kirukacho juu mtu anapobonyeza. Hilo ni jambo dogo kulisikia, lakini matokeo yake ni makubwa. Palipo na kioo kirukacho, lenzi lazima ikae mbali na filamu ili kioo kipate nafasi ya kupita. Lenzi pana kwa kawaida yake hutaka kuikaribia filamu. Kwa hivyo ilibidi wabunifu, akiwamo Mfaransa Pierre Angénieux mwaka 1950, wavumbue umbo la kuisukuma taswira nyuma, na lenzi zikawa ndefu na nzito. Katika kamera ya kipimamasafa hakuna kizuizi hicho. Kioo cha nyuma kinaweza kuingia ndani ya kamera hadi kikawa karibu na kuigusa filamu, na lenzi nzima ikabaki ndogo kama kikombe cha kahawa.

ELIMU ISIYOKUWA NGENI KWETU

Wako wadaio kwamba neno kamera limetokana na Kiarabu. La, asili yake ni Kilatini, na maana yake ni chumba. Hata hivyo, elimu yenyewe ya chumba cha giza na ya nuru ipitayo kiooni ilipata kukuzwa sana na wanazuoni wa Kiislamu. Mnamo mwaka 984, Ibn Sahl wa Baghdad aliandika juu ya vioo na lenzi za kuunguzia, akaeleza kwa hesabu jinsi nuru inavyopinda iingiapo katika kioo. Baada yake Ibn al-Haytham, mzaliwa wa Basra aliyefariki Kairo yapata mwaka 1040, alitunga Kitab al-Manazir. Humo alionyesha kwamba jicho halitoi nuru ya kuvigusa vitu, bali nuru hutoka kwenye vitu ikaliingia jicho kwa mistari iliyonyoka. Akafanya majaribio katika nyumba yenye giza, akaiacha nuru ya taa ipite kwenye tundu.

Basi kijana ashikapo lenzi mkononi asidhani ameshika mali ya Wazungu au Wajapani tu. Ameshika tunda la elimu iliyopita Basra, Baghdad na Kairo kabla ya kufika Wetzlar.

UPANA HUPIMWAJE?

Lenzi hutajwa kwa milimita. Kadiri milimita zinavyopungua ndivyo lenzi inavyokuwa pana. Ile ya 50 huona pembe ya digrii kama 46 hivi. Ya 35 huona digrii 63. Ya 28 huona digrii 75. Na ya 21 hufikia digrii 90 na zaidi, yaani pembe ya kona ya chumba.

Ipo njia rahisi ya kukumbuka. Kwa kuwa upana wa picha kwenye filamu ni milimita 36, lenzi ya milimita 35 huchukua upana ulio karibu sawa na umbali wa kusimama. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, utapata ukuta wa mita 3 na kidogo. Kwa lenzi ya 50 utapata mita 2 na kidogo tu, na kwa ile ya 28 utapata karibu mita 4. Mtu aliyepita vichochoro vya Kibokoni, au njia za Lamu ambamo punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, atafahamu mara moja. Humo hakuna pa kurudi nyuma. Akitaka kuupata mlango mzima wa nakshi pamoja na baraza na waliokaa juu yake, hana hila ila lenzi pana.

Lakini hapa pana tahadhari. Kila lenzi pana huwanyoosha watu waliosimama pembeni mwa picha, hata iwe ya thamani gani. Huko si kuharibika kwake. Ni tabia ya kuutandaza ulimwengu mpana juu ya filamu iliyo bapa. Ndiyo maana katika picha za harusi shangazi aliyesimama mwisho wa safu hunenepa ghafla na kuikasirikia picha. Dawa yake ni kuwasogeza watu katikati, wala si kununua lenzi nyingine.

Jambo la pili ni namba ya f, inayoeleza ukubwa wa tundu la kuingizia mwanga. Namba ikiwa ndogo, tundu ni kubwa. Lenzi ya f/1.4 huingiza mwanga mara 4 kuliko ya f/2.8, na mara 16 kuliko ya f/5.6.

UKOO WA BIOGON

Tuanze na wale waliotafuta mistari iliyonyoka. Katikati ya miaka ya 1930 Ludwig Bertele, mmoja wa wabunifu wakubwa wa lenzi katika karne ya 20, aliibuni Biogon ya milimita 35 na f/2.8 kwa ajili ya kamera za Contax. Kioo chake cha nyuma kilikuwa kikubwa na kiliingia ndani kabisa ya kamera. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Warusi walichukua mitambo na michoro ya Zeiss, na lenzi hiyo ikaendelea kutengenezwa katika Muungano wa Sovieti kwa jina la Jupiter-12. Mpaka leo Jupiter-12 ndiyo njia ya bei nafuu ya kuuonja ustadi wa Bertele. Ina vipande 6 vya kioo, ni nyepesi, na katikati ya picha ina ukali unaomshangaza mtu.

Ila zake nazo si za kufichwa. Pete ya kubadilisha tundu imewekwa ndani, mbele, karibu na kioo, hata vidole hukigusa kioo kila mara. Haikaribii kitu zaidi ya mita 1. Kioo chake cha nyuma hutokeza sana, na katika baadhi ya kamera kinaweza kugonga sehemu za ndani. Mnunuzi sharti aulize kwanza. Tena ubora wake hutofautiana kutoka lenzi hadi lenzi, kwa hivyo aijaribu kabla ya kulipa.

Wajukuu wa ukoo huu walizaliwa Japani. Mwaka 2004 Zeiss ilitangaza lenzi mpya za kipimamasafa, nyingi zikitengenezwa na Cosina. Miongoni mwao zimo Biogon ya milimita 35 na f/2, yenye vipande 9, na baadaye C Biogon ya f/2.8, yenye vipande 7 na uzito wa gramu 200. Herufi C, kwa maelezo ya wenyewe, huashiria udogo na ukale. Lakini ukale huu ni wa umbo. Picha zake ni kali kama wembe, na mistari yake imenyoka: mpigapicha akipiga fremu ya mlango au mnara wa msikiti ukingoni mwa picha, utasimama wima bila ya kupinda kama ubao wa pipa.

UKOO WA SUMMILUX

Sasa tuje kwa wale waliotafuta mwanga. Mwaka 1961 Leitz ilitoa Summilux ya milimita 35 na f/1.4, kazi ya tawi lake la Midland, Ontario, nchini Kanada, ambako Walter Mandler alikuwa mbunifu mkuu. Kuingiza mwanga mwingi namna hiyo katika vipande 7 vya kioo, na lenzi ikabaki ndogo ya kufichika kiganjani, kulikuwa ni ufundi mkubwa. Gharama ya ufundi huo huonekana tundu likifunguliwa lote. Picha hujaa mng'ao laini, kama inayotazamwa kupitia shela nyembamba, na taa zilizo pembeni huota mbawa. Tundu likifungwa kidogo hadi f/4, shela huondoka na lenzi ikawa kali. Wapenzi wake husema kwamba wamenunua lenzi mbili kwa bei ya moja.

Leica yenyewe ilizitibu ila hizo. Mwaka 1990 ilitoa Summilux yenye nyuso za kioo zisizokuwa za mviringo wa tufe, na mwaka 1994 ikaiboresha. Mng'ao ukatoweka. Na ulipotoweka, watu wakaanza kuulilia! Bei za zile za zamani zikapanda, hata ilipofika 2022 kampuni ikaona afadhali iitengeneze upya ile ya mwaka 1961 pamoja na ila zake, ikiwamo ile ya kutokaribia chini ya mita 1.

Nokton Classic ya Cosina, ambayo huuzwa kwa jina la kale la Voigtländer, kampuni iliyoanzishwa Vienna mwaka 1756, ilibuniwa kwa fikra ile ile. Nayo ni milimita 35 na f/1.4, ina vipande 8, uzito wake ni gramu 200, na hukaribia hadi sentimita 70. Bei yake ni sehemu ndogo tu ya bei ya Leica. Lakini ina mambo mawili ambayo mnunuzi lazima ayajue. La kwanza, mistari iliyo ukingoni mwa picha hupinda, na mlango wa nakshi hufura tumbo. La pili ni hatari zaidi: tundu likifungwa kutoka f/1.4 hadi f/2.8 au f/4, mahali palipolengwa husogea nyuma. Katika kamera ya kipimamasafa mpigapicha hawezi kuliona jambo hilo, kwa kuwa hatazami kupitia lenzi. Atalilenga jicho la mtu, na picha ikitoka atakuta sikio ndilo lililo kali. Toleo la pili la mwaka 2019 limepunguza ugonjwa huu, na anayenunua ya mkononi afadhali alitafute hilo.

NDOGO KULIKO ZOTE

Yabaki Summaron ya milimita 28 na f/5.6, iliyotoka mwaka 1955 na kufufuliwa mwaka 2016. Ina vipande 6 vilivyopangwa kwa ulinganifu, nusu ya mbele ikifanana na nusu ya nyuma. Ulinganifu huu ni siri ya wabunifu wa kale: kosa la nusu moja hufutwa na kosa la nusu ya pili, na mistari hunyoka. Lenzi hii hutokeza mbele ya kamera kwa milimita 18 tu. Mwanga wake ni haba, na ndani ya nyumba jioni haifai kitu. Lakini juani, tundu likiwekwa f/8 na umbali ukawekwa mita 3 na robo, kila kitu kutoka mita 1 na nusu na ushei hadi upeo wa macho huwa kikali. Hapo mpigapicha hahitaji kulenga. Hutazama tu na kubonyeza.

Wenye kamera za dijitali wakumbuke kwamba lenzi za ulinganifu, ambazo kioo chake cha nyuma hukaa karibu, huipeleka nuru kwa mshazari hadi kwenye pembe za picha. Filamu hailijali sana jambo hilo. Kihisio cha dijitali hulijali, na pembe zaweza kugeuka rangi ya zambarau au kuwa na giza.

SUALA LA DAWA YA KIOO

Kila uso wa kioo kitupu hurudisha kama asilimia 4 ya nuru. Lenzi ya vipande 8 vilivyo katika mafungu 6 ina nyuso 12 zinazokutana na hewa. Bila ya dawa ingepoteza zaidi ya theluthi ya nuru yake, na sehemu ya nuru hiyo ingezurura ndani na kuifanya picha iwe na ukungu. Mwaka 1935 Alexander Smakula wa Zeiss alipata njia ya kuupaka uso wa kioo utando mwembamba mno ili kuupunguza upotevu huo. Lenzi za baadaye zikapakwa tando nyingi.

Nokton Classic iliuzwa kwa namna mbili: yenye tando nyingi na yenye utando mmoja wa kizamani. Kwa nini mtu achague pungufu? Fikiria saa sita mchana pwani, mwanamume wa kanzu nyeupe na mkewe wa buibui jeusi wamesimama pamoja. Lenzi kali ya leo huifanya kanzu kuwa moto na buibui kuwa shimo. Lenzi ya utando mmoja huimwaga nuru kidogo juu ya sehemu za giza, na picha ya filamu nyeusi na nyeupe ikawa laini zaidi. Haileti mkunjo wa nguo ambao filamu haikuuona kabisa, lakini huyapoza makali ya jua letu. Mwenye kupiga picha za rangi, au jua likiwa mbele yake, achague yenye tando nyingi.

ADUI ALIYE NYUMBANI

Maandishi mengi ya Ulaya juu ya lenzi za kale husahau adui mkubwa wa watu wa pwani, naye ni kuvu. Hewa yetu ina unyevu mwingi, na ndani ya lenzi kuvu huota kama nyuzi za buibui. Kikikaa sana hula utando na hata kioo chenyewe, na usafishaji hauyarudishi yaliyoliwa. Lenzi ya miaka 60 imepita mikono mingi na makabati mengi.

Basi mnunuzi asikubali kuuziwa kwa maneno. Aifungue lenzi tundu lote, amulike tochi kutoka nyuma, atazame kutoka mbele kwa mshazari. Nyuzi ni kuvu; utando kama wa maziwa ni ukungu wa mafuta; upinde wa rangi ukingoni ni gundi inayoachana. Aangalie pia kama visu vya tundu vina mafuta, na kama pete huzunguka kwa ulaini. Akishanunua, asiihifadhi katika mkoba wa ngozi kabatini, kwani ngozi hushika unyevu. Chombo cha plastiki kinachofungwa kikaza, pamoja na vijifuko vya silika vya kunyonya maji, kinatosha. Vijifuko hivyo vikaushwe kila mara, la sivyo ni pambo tu. Na lenzi itumiwe, ipate hewa na mwanga. Lenzi iliyofichwa huoza upesi.

LENZI HAINA BUDI KUBISHA HODI

Kuna jambo moja ambalo halimo katika vipimo vya kiwanda. Lenzi ndefu humruhusu mtu kuiba sura ya mwenziwe kutoka ng'ambo ya barabara. Lenzi pana haimpi nafasi hiyo. Anayetaka sura ya mtu ijae kwa lenzi ya 35 lazima awe hatua mbili kutoka kwake, na mtu aliye hatua mbili hawezi kukosa kutoa salamu. Katika miji yetu, ambako baraza ni sehemu ya nyumba na si kila mama anapenda sura yake itembee, hilo ni jema. Salamu hutangulia, ruhusa huombwa, na asiyetaka huachwa kwa amani. Picha inayopatikana baada ya hapo huonyesha uso uliokubali, na uso huo ni tofauti kabisa na ule ulionyakuliwa.

HUKUMU

Tukirudi kwenye swali letu: je, lenzi hizi ni hekima au ni kasoro zilizopakwa dhahabu? Jibu ni kwamba hutegemea kazi. Mng'ao wa Summilux ni ladha, na ladha hainunuliwi na mtu ambaye hajajua anapenda nini. Kijana mwenye lenzi moja asianze na hiyo, asije akawa na harusi kumi zilizopigwa kupitia shela. Tena za kufufuliwa za Leica, pamoja na uzuri wake, ni za mwenye nafasi.

Anayeandika kumbukumbu za mji, yaani milango, misikiti, vyombo na barabara zetu kabla hazijabomolewa, achukue C Biogon ya f/2.8. Miaka 50 ijayo mtafiti atakayeitazama picha hiyo atataka kuona nakshi kama ilivyokuwa, wala hatataka kusifiwa mng'ao. Mfuko ukiwa mwepesi, Jupiter-12 iliyojaribiwa itafanya sehemu kubwa ya kazi hiyo mchana. Anayepiga harusi na shughuli za usiku ndani ya nyumba, ambako taa ni chache na chumba ni kidogo, achukue Nokton, toleo la pili akiweza, na afanye mazoezi nayo mpaka ajue inapomsaliti. Anayependa kutembea sokoni asubuhi akiwa na kamera ndogo isiyotisha watu ataiona Summaron kuwa rafiki mwema, alimradi jua halijatua.

Mimi ningeambiwa nichague moja tu kwa ajili ya Mji wa Kale, ningelichukua C Biogon, na usiku nikawaachia wenye Nokton. Kwa hakika si kila ya kale ni dhahabu, wala si kila mpya ni kinyemi. Kabla ya kutoa fedha, msomaji ajiulize atampiga nani, wapi, na saa ngapi. Akishapata majibu hayo matatu, lenzi itakuwa imekwisha jichagua yenyewe.